Mikono Mirefu

Saa tisa usiku. Mji wa Vágur umelala,
na mvua ya visiwa vya Faroe inapiga kioo kwa ubavu,
kwani huku mvua haishuki, huja na upepo ikikutafuta.
Mimi nakanda.
Unga hadi viwikoni. Ndiyo sababu niliupenda uokaji:
katika chumba cha tanuri kila mtu ni mweupe,
hakuna awezaye kusema huu ni unga, hili ni gamba.

Miaka kumi na tisa nimejificha hivyo.
Viwiko vyekundu, vimepasuka kama ukoko wa mkate uliosahauliwa motoni.
Magoti kadhalika. Nyuma ya sikio, doa moja kaidi
ninalolikuna nikihesabu chenji.
Shuka nalikung'uta dirishani kabla Tummas hajaamka.
Tummas huniona. Hujifanya amelala.
Hiyo nayo ni aina ya mapenzi.

Juzi nilikwenda zahanati.
Daktari wa zamu mgeni, Mdenishi, Vibeke jina lake.
Nikakunja sweta, nikamwekea viwiko mezani
kama mtu anayeonyesha kitambulisho.
Soriasisi, akaandika. Kisha akasimama na utepe wa fundi cherehani,
akanizungusha kiunoni.

Daktari, nikasema, nimekuja na viwiko.
Najua, akasema. Vuta pumzi. Toa.

Sentimita mia moja na nne.
Akanivalisha ile bangili ya mpira inayovimba,
akanidunga kidole, tone likanywewa na kijimashine,
akauliza kahawa yangu naitia vijiko vingapi,
akauliza usingizi,
halafu, bila kuinua macho: baba yako alikufa na nini?

Moyo. Hamsini na saba.
Ilikuwa Oktoba, wamepanda mlima kukusanya kondoo,
akaketi juu ya jiwe kama anayefunga kamba za kiatu.
Aliyerudi ni mbwa.

Na ngozi yake?

Hapo nikanyamaza.
Maana nilimwona Baba: mikono mirefu kanisani,
mikono mirefu akikata nyasi, hata siku ile moja ya mwaka jua lilipotoka,
mikono mirefu jenezani,
shangazi Malan akimfunga vifungo hadi cha mwisho.
Asiaibike, alisema.
Tulizika moyo. Ngozi hatukuitaja.
Nani angejua kwamba ni ndugu?

Vibeke alisema polepole, ili Kidenishi chake kisinipite:
mwilini mna moto. Ngozini unauona.
Lakini haukai hapo tu, hutembea na damu,
hukwaruza mishipa kwa ndani, mahali kucha hazifiki,
sukari hupotea njia, ini huota mafuta.
Si kila mwenye magamba, akaongeza. Wala hatujajua vizuri
nani humvuta mwenzake, uzito au mwako.
Ila wanaandamana mara nyingi mno
kudai kwamba wamekutana njiani tu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale.
Nguo nimekung'uta. Shuka nimekung'uta.
Kumbe mwenyewe alishavuka nguo, akavuka ngozi,
akakaa kitako.

Sukari yangu iko mpakani. Presha imeshavuka.
Nina kadi ya manjano, dawa za aina mbili, na amri ya kutembea
hadi mnara wa taa na kurudi, upepo upende usipende.
Vitumbua vya sukari nitaviokea watu wengine, mkono ukijua, ulimi ukisahau.
Najaribu. Jana nililamba kijiko.

Saa kumi na moja mwanangu Bárður akaingia kubeba trei kabla ya shule.
Sweta nyeusi, imevutwa hadi kwenye vidole.
Begani kulikuwa na chembe nyeupe,
na hakuwa bado amegusa unga.

Nikanawa mikono yangu. Nikaikunja sweta yangu kwanza,
nikavisogeza viwiko kwenye taa, vyote viwili.
Kunja na wewe, nikamwambia.

Tanuri lilikuwa nyuzi mia mbili na thelathini.
Akasema anasikia baridi.